Kazi Iliyotendwa Mwanzo na Kufundishwa Mwisho: Historia ya Utunzaji wa Wazee Wenye Kusahau katika Nchi ya Macalder

Macalder ni mji mdogo wa machimbo ulioko Nyatike, katika Kaunti ya Migori, karibu na Mto Kuja unaoelekea Ziwa Viktoria, na jina lake likitajwa katika historia ya Kenya hutajwa karibu kila mara kwa sababu ya dhahabu na shaba. Makala haya yanaitazama nchi hiyo kwa upande mwingine, yaani upande wa watu waliozeeka ndani yake na wa wale waliowatunza, hasa wazee waliopatwa na demenshia. Demenshia ni jina la jumla la hali inayoletwa na maradhi mbalimbali ya ubongo, ambayo humpunguzia mtu kumbukumbu, uwezo wa kufikiri, wa kutambua mahali na wakati, na hatimaye uwezo wa kujihudumia, kwa kiwango kinachopita mabadiliko ya kawaida ya uzee. Chanzo chake kinachojulikana zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer. Taaluma inayoshughulikia matunzo ya watu hao huitwa uuguzi wa wazee, nayo ni tawi la uuguzi linaloegemea jerontolojia, ambayo ni elimu ya uzee kwa jumla: mwili unavyochakaa, akili inavyobadilika, na nafasi ya mzee katika jamaa na katika sheria za nchi.

Hoja inayoongoza makala haya ni kwamba katika nchi ya Macalder, kama katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, kazi ya kumtunza mzee aliyepoteza kumbukumbu ilitendwa mwanzo na kufundishwa mwisho. Ilikuwa imeshika mizizi katika boma kabla ya hospitali ya kwanza kujengwa, lakini ilipofika zamu ya kuandika mitaala, kuajiri wauguzi na kugawa fedha za utafiti, ilisahauliwa hadi zamu yake ikawa ya mwisho kabisa. Kuielewa historia hiyo ni hatua ya lazima kwa yeyote anayetaka kuijenga taaluma hii leo, kwa kuwa asiyejua kazi ilifanywa na nani hawezi kujua amsaidie nani.

Boma, duol na siwindhe

Wajaluo wa Kadem, Karungu na Muhuru, maeneo ya Nyatike, pamoja na majirani zao Wasuba wa mwambaoni na visiwani, walijenga maboma ambayo mpangilio wake ulieleza nani anamtegemea nani. Nyumba ya mke wa kwanza, yaani mikayi, ilielekea lango. Vijana wa kiume walijenga vibanda vyao, simba, karibu na lango hilo. Mzee mwenye boma alikuwa na duol, kibanda kilichokaa karibu na zizi la ng'ombe, ambamo aliota moto, alikula na wanaume wenzake na kuamua mashauri akiwa juu ya kigoda chake. Na ndani ya boma hilohilo palikuwa na siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee ambamo watoto, hasa wasichana, walikwenda kulala usiku ulipoingia. Mwanahistoria David William Cohen, katika makala aliyoichapisha mwaka 1985, alimweleza mwanamke huyo kwa jina lake la Kijaluo, pim: mara nyingi alikuwa amepita umri wa kuzaa, na mara nyingine hakuwa wa ukoo wa mwenye boma, lakini ndiye aliyewapa watoto nasaba, hadithi, adabu na maarifa ya watu wanaoweza kuolewa nao na wale wasioweza. Cohen aliirudia mada hiyo pamoja na mwanahistoria Mkenya E. S. Atieno Odhiambo katika kitabu chao kuhusu Siaya kilichotoka mwaka 1989.

Wanahistoria wameisoma siwindhe kama shule, na ndivyo ilivyokuwa, lakini mtu wa uuguzi ana haki ya kuisoma pia kama mpango wa matunzo. Kwa utaratibu huo mwanamke mzee hakulala peke yake. Palikuwa na mtoto wa kuchochea moto, wa kumletea maji kwenye agwata, yaani nusu ya kibuyu kilichokatwa, wa kumshika mkono alipotaka kutoka nje gizani, na wa kusikia alipoamka na kuanza kumwita mtu aliyekwisha kufa. Leo wauguzi wanajua kwamba wagonjwa wengi wa demenshia huhangaika zaidi jua linapotua, kwamba huamka usiku na kutaka kwenda nyumbani hali wako nyumbani, na kwamba saa hizo ndizo zinazomchosha mtunzaji kuliko zote. Siwindhe haikubuniwa kwa ajili ya ugonjwa, lakini iliweka macho na masikio ya vijana karibu na mzee katika saa zilezile ambazo hospitali za leo hulazimika kumlipa muuguzi wa zamu ya usiku.

Lugha nayo ilikuwa na mpango wake. Mjaluo akisema kwamba mtu amesahau husema wiye owil, kauli ambayo ndani yake anayefanya tendo la kusahau ni kichwa, wala si mwenye kichwa hicho, na mzee anayerudia swali lilelile mara kumi husemwa kwa upole kwamba amezeeka tu. Kauli hizo zilimwepushia mzee aibu, kwa sababu zilitenganisha kosa na heshima yake, na zilimweka mbali na neno neko, ambalo ni wazimu. Hata hivyo upole huo ulikuwa na gharama, kwa kuwa kile kilichoitwa uzee tu hakikutafutiwa sababu, na mzee ambaye kusahau kwake kulitokana na homa, na upungufu wa lishe au na maradhi ya tezi angeweza kuachwa bila dawa ambayo ingemrudishia akili. Tena dalili zilipozidi mipaka ya uzee, kama vile kutoka usiku bila nguo, kuwashuku jamaa wizi au kutowatambua watoto wake mwenyewe, maelezo yalihamia kwingine: kwenye chira, ambayo ni dhara inayofuata kuvunjwa kwa mwiko, au kwenye uchawi. Hatari ya maelezo hayo haijaisha katika ukanda huu. Mnamo Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii inayopakana na Migori, wanawake wanne wenye umri mkubwa waliuawa na kundi la watu waliowatuhumu uchawi, na tukio hilo liliwafanya wataalamu wengi nchini wakumbushe kwamba mwenendo wa mtu mwenye demenshia husomwa kwa urahisi kama ushahidi wa kosa ambalo hakulitenda.

Kwa sababu hiyo boma la zamani halifai kusifiwa kupita kiasi. Mzigo wa kumwosha, kumlisha na kumgeuza mzee uliwaangukia wake wa wanawe na wajukuu wa kike, mjane asiye na mtoto wa kiume alikuwa katika hali ya mashaka, na maarifa ya mtunzaji yaliisha pamoja naye. Lililo kweli ni kwamba matunzo yalikuwa na mahali pake, na watu wote wa boma walijua ni wapi.

Misheni, machimbo na wauguzi wa kwanza

Tiba ya kigeni iliingia Nyanza Kusini kwa sababu zisizohusu uzee. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi katika mwambao na visiwa vya Ziwa Viktoria, na hofu ya maambukizi ndiyo iliyowaleta wakoloni na vipimo vyao. Mwaka 1906 Waadventista wa Sabato, wakiongozwa na Arthur Carscallen pamoja na mwenzake Peter Nyambo aliyetoka nchi ambayo leo ni Malawi, walifungua kituo Gendia, karibu na Kendu Bay, na kituo hicho kilizaa hospitali ya misheni ya Kendu katika miaka ya 1920. Wakatoliki nao walijenga hospitali ya Ombo karibu na mji wa Migori, na baadaye sana, katika miaka ya 1990, Wakamili, shirika la watawa lililoanzishwa na Mtakatifu Kamili wa Lellis ambaye Kanisa Katoliki linamtambua kuwa msimamizi wa wagonjwa na wauguzi, walifungua hospitali yao Karungu, mwendo mfupi kutoka Macalder.

Mafunzo ya uuguzi yaliyotolewa katika hospitali za aina hiyo yalianza na vijana walioitwa madresa, kazi yao ikiwa kuosha na kufunga vidonda, kisha yakapanda hadi kwenye vyeti vya uuguzi na ukunga. Madhumuni yake yalieleweka kwa kila mtu: kuokoa wazazi katika uchungu, kupunguza vifo vya watoto wachanga, na kupambana na malaria, kuhara na kifua kikuu. Katika nchi ambayo watoto wengi walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, hakuna anayeweza kulaumu uamuzi huo, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba vizazi kadhaa vya wauguzi vilifuzu bila kufundishwa namna ya kuzungumza na mtu ambaye hajui tena yuko wapi.

Machimbo yaliongeza jambo lingine. Dhahabu ya ukanda wa Migori ilianza kutafutwa kwa bidii katika miaka ya 1930, wakati ambapo Kakamega nako kulikuwa na pilikapilika za dhahabu, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya Macalder-Nyanza, ikisaidiwa na shirika la Uingereza la maendeleo ya makoloni, ilichimba shaba pamoja na dhahabu hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi ulihitaji miili yenye nguvu. Vijana ambao hapo awali wangekaa katika simba zao wakisubiri zamu ya kuwa wenye maboma walikwenda kulala katika kambi za wafanyakazi, wengine walikwenda Kericho kwenye chai na wengine Nairobi kwenye reli, na watoto walianza kwenda shule, ambako nasaba na hadithi hazikuwa mtihani. Siwindhe ilipungua kidogokidogo bila amri ya mtu yeyote: ilipungua kwa sababu waliokuwa wakilala ndani yake walikuwa na mahali pengine pa kulala, na mzee akabaki na usiku wake.

Kwa mzee ambaye mwenendo wake ulishinda jamaa zake, serikali ya kikoloni ilikuwa na jibu moja, nalo lilikuwa Nairobi. Hifadhi ya wenye wazimu iliyofunguliwa huko mwaka 1910, na kupewa jina la Mathari mwaka 1924, ilipokea watu kutoka kila pembe ya nchi, wengi wao wakipitia mikononi mwa polisi na mahakama. Daktari J. C. Carothers, aliyeiongoza tangu mwaka 1938, alitumia watu aliowaona huko kama msingi wa kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, ambamo aliifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Nadharia hiyo imekataliwa na sayansi, lakini inafaa ikumbukwe kwa funzo lake la mbinu: mtu anayehesabu wagonjwa walioletwa hospitalini kwa nguvu hawezi kuwaona wale waliobaki kando ya moto wa wajukuu wao, na mzee wa Kadem mwenye kusahau alikuwa miongoni mwa hao wasioonekana.

Baada ya uhuru uuguzi ulipata viongozi wake wa kizalendo. Eunice Muringo Kiereini aliuongoza uuguzi wa Kenya akiwa muuguzi mkuu wa serikali, na kuanzia mwaka 1981 hadi 1985 alikuwa rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutoa stashahada ya juu ya uuguzi mwaka 1968, na shahada za uuguzi zilienea vyuoni katika miongo iliyofuata. Hatua hizo ndizo zilizomwezesha muuguzi Mkenya kuwa mtafiti kwa jina lake mwenyewe, badala ya kuwa mkono wa kukusanya takwimu za daktari.

Elimu ya kusahau na safari yake

Mwaka uleule wa 1906 ambao misheni ya Gendia ilifunguliwa, daktari Alois Alzheimer aliwasomea wenzake mjini Tübingen, Ujerumani, habari za Auguste Deter, mwanamke aliyempokea Frankfurt mwaka 1901 akiwa na umri wa miaka 51, na ambaye baada ya kifo chake ubongo wake ulionekana kuwa na utando na nyuzi zisizo za kawaida. Ulimwengu wa tiba ulichukua miongo mingi kutambua kwamba ugonjwa huo ndio ulioshika wazee wengi waliodhaniwa kuwa wamechakaa tu. Uuguzi ulifika kwa njia yake. Nchini Uingereza daktari Marjory Warren, kuanzia mwaka 1935, alithibitisha kwamba wazee walioachwa vitandani kwa miaka wangeweza kuinuka na kutembea wakitunzwa ipasavyo, na muuguzi Doreen Norton, pamoja na wenzake wawili, alichapisha mwaka 1962 uchunguzi wa matatizo ya kuwauguza wazee hospitalini, uliotoa kipimo kinachobeba jina lake hadi leo. Kipimo hicho humwezesha muuguzi kutambua mapema nani atapata vidonda vya malazi, yaani vile vinavyochimbika mgongoni na nyongani kwa kulala upande mmoja muda mrefu. Umuhimu wake katika historia ni kwamba kazi iliyoonekana kuwa ya huruma tu, ile ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa chache, ilikuwa sasa imepata hesabu na ushahidi. Mwaka 1997 Tom Kitwood wa Bradford, Uingereza, alikwenda mbele zaidi kwa kusisitiza kwamba mwenye demenshia anabaki kuwa mtu kamili, na kwamba sehemu ya kudhoofika kwake hutokana na namna anavyotendewa na walio karibu naye.

Barani Afrika swali la kwanza lilikuwa kama ugonjwa huo upo kweli. Uchunguzi uliowalinganisha wazee wa Ibadan, Nijeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba demenshia ilikuwapo Ibadan ingawa kwa kiwango cha chini, asilimia 2.29 ya watu wenye miaka 65 na zaidi, ikilinganishwa na asilimia 8.24 kwa wenzao wa Indianapolis. Kisha ukaja uchunguzi wa Wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, uliofanywa na watafiti wa Tanzania na Uingereza akiwamo Richard Walker, ambao mwaka 2010 waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita na kukadiria kwamba asilimia 6.4 yao walikuwa na demenshia. Kiwango hicho kilikaribiana na cha nchi tajiri, nacho kiliondoa dhana kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu.

Lililo muhimu zaidi kwa nchi kama Macalder ni namna watu hao walivyopimwa. Kipimo kilichotumiwa sana duniani tangu mwaka 1975 humtaka mtu aandike sentensi na anakili mchoro, na kwa nyanya ambaye hakushika kalamu maishani kinapima shule aliyoikosa, si ugonjwa. Watafiti wa Hai walitengeneza kipimo kifupi kinachoitwa IDEA, ambacho muuguzi au mhudumu wa afya anaweza kukitumia akiwa amekaa na mzee kivulini: anamtajia maneno kumi na baadaye anamwomba ayakumbuke, anamwuliza leo ni siku gani na kiongozi wa kijiji ni nani, anamwomba aeleze daraja ni kitu gani na ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, kisha anapanga njiti nne za kiberiti na kumwomba azipange vivyo hivyo. Njiti nne za kiberiti ni kitu kidogo, lakini zinatoa swali mikononi mwa shule na kulirudisha jikoni, mahali ambapo mwanamke huyo ana ujuzi wa miaka sabini.

Nchini Kenya kazi ya namna hiyo ilishika kasi mradi wa STRiDE ulipoanza mwaka 2018, ukiongozwa na Chuo cha Uchumi cha London na kuhusisha nchi saba, Kenya ikiwa mojawapo. Upande wa Kenya ulisimamiwa na taasisi ya utafiti wa afya ya akili iliyoasisiwa na Profesa David Ndetei, ambamo Christine Musyimi amekuwa miongoni mwa watafiti wakuu wa demenshia, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika Makueni, pamoja na wahudumu wa afya wa jamii, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini. Elizabeth Mutunga naye aliasisi chama cha Kenya cha Alzheimer na demenshia, ambacho kinawakusanya watunzaji ili wasikie kutoka kwa wenzao kile ambacho hakuna kitabu kilichowaambia.

Nyanya waliorudi kazini

Historia ya uzee katika Migori na Homa Bay ina sura ambayo Ulaya haina. Ukimwi ulipoenea kuanzia miaka ya 1980, uliua watu wa umri wa kati, wale ambao wangepaswa kuwatunza wazee na kuwalea watoto kwa wakati mmoja, na hata katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 kiwango cha maambukizi kwa watu wazima kilikuwa asilimia 19.6 Homa Bay na asilimia 13 Migori. Mwanaanthropolojia Erick Otieno Nyambedha, akifanya kazi Bondo, upande wa pili wa ghuba, pamoja na Simiyu Wandibba na Jens Aagaard-Hansen, alieleza mwaka 2003 jinsi wazee walivyonyang'anywa pumziko lao kwa kulazimika kuwalea wajukuu yatima. Nyumba ya nyanya ilijaa watoto tena, kama siwindhe, lakini safari hii hapakuwa na binti wala mkwe wa kuleta unga, na mzee aliyestahili kutunzwa ndiye aliyekuwa mtunzaji wa pekee.

Sura hiyo ina upande wa pili ambao ni wa matumaini. Hospitali ya Homa Bay, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka, ilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo mwaka 2001, ikitangulia hospitali nyingine za umma nchini. Mtu aliyeanza dawa hizo wakati huo akiwa na miaka 40 sasa amepita 60. Kundi la watu wanaozeeka wakiwa na virusi ni jipya katika historia, na kwa kuwa virusi hivyo vinaweza kuathiri ubongo hata kwa mtu anayetumia dawa vizuri, muuguzi wa kliniki ya Nyatike anakutana na maswali ya kumbukumbu ambayo mwenzake wa Bradford hayapati kwa wingi huo.

Tena kuna dhahabu. Mgodi mkubwa ulifungwa, lakini wachimbaji wadogo hawakuondoka Macalder, na wengi wao hukamata chembe za dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki hiyo ili ipae na kuiacha dhahabu. Mvuke wa zebaki ukivutwa kwa miaka huudhuru mfumo wa neva, na miongoni mwa dalili zake ni kutetemeka kwa mikono, hasira za ghafla na kupotewa na kumbukumbu. Dunia iliujua ubaya wa zebaki kwa msiba wa Minamata, Japani, uliotambuliwa mwaka 1956, na mkataba wa kimataifa wa kuidhibiti ukapewa jina la mji huo mwaka 2013. Kwa muuguzi wa Macalder maana yake ni ya kila siku: mzee anayetetemeka na kusahau aulizwe kwanza alifanya kazi gani, na dhahabu ilichomwa wapi, uani au jikoni.

Safari ya muuguzi mtafiti

Kutokana na historia hiyo inaweza kuelezwa safari ya kitaaluma ya muuguzi anayechagua uzee na demenshia kuwa uwanja wake. Kwa kawaida huanza na stashahada na miaka ya wodini, ambako hujifunza kuutofautisha mkanganyiko wa ghafla, unaokuja kwa siku chache kwa sababu ya maambukizi au dawa na ambao hutibika, na demenshia inayokuja kwa miaka. Hufuata shahada ya kwanza, ya uzamili na ya uzamivu, ambazo mwombaji wa Migori sasa anaweza kuzitafuta Maseno, Nairobi au Eldoret bila kuvuka bahari, kisha kazi ya kufundisha, kusimamia wanafunzi, kuandika maombi ya ruzuku na kuchapisha. Ni njia ndefu yenye wasafiri wachache, kwa kuwa anayebobea katika ukunga au wagonjwa mahututi huona nafasi za kazi mbele yake, ilhali anayebobea katika uzee hulazimika kuijenga nafasi yake mwenyewe.

Utafiti wenyewe una maadili magumu. Kila mtafiti nchini huhitaji kibali cha tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu na cha kamati ya maadili, na kila mshiriki huhitaji kutoa ridhaa, yaani kukubali kwa hiari baada ya kuelezwa. Mtu ambaye leo amekubali na kesho hakumbuki kuwa alikubali anaulizwa vipi? Wataalamu hushauri kwamba mtafiti aombe ridhaa upya kila anapofika, asome uso na mwili wa mzee, na aondoke anapoona wasiwasi hata kama jamaa wamesaini. Katika boma la Kijaluo swali la nani husaini badala ya mzee ni zito pia, kwa sababu mwenye mamlaka ya kusaini anaweza kuwa mwana wa kwanza aliyeko Nairobi, ilhali anayejua mzee alilala saa ngapi ni mke wa mwana huyo, ambaye hakuulizwa.

Wakati huohuo elimu na wenye elimu wanavuka mipaka. Mwezi Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wa Kenya kufanya kazi huko, na Wakenya wengi, wake kwa waume, sasa wanawaosha, wanawalisha na kuwatuliza wazee wenye demenshia katika makao ya wazee ya Uingereza na Marekani. Ujuzi wanaoupata ni hazina ya taifa, na ungestahili kutafutiwa njia ya kurudi nyumbani kwa ualimu, hata kama wenyewe hawarudi.

Nchini, Katiba ya mwaka 2010 katika ibara ya 57 inawahakikishia wazee heshima, usalama na matunzo kutoka kwa jamaa na serikali, na mpango wa Inua Jamii, tangu mwaka 2018, umefunguliwa kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi kwa malipo ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Fedha hizo husaidia kununua unga na sabuni, lakini hazimpi mtunzaji usiku mmoja wa kulala, na hilo ndilo ambalo watunzaji wa wenye demenshia hulihitaji kuliko mengine.

Waswahili husema penye wazee haliharibiki neno. Methali hiyo humheshimu mzee kwa sababu ya kumbukumbu yake, nayo ni kweli. Lakini jamii hupimwa pia kwa namna inavyomtendea mzee ambaye neno lenyewe limemtoka. Watu wa boma la Kadem walimpa mzee huyo moto, mtoto wa kumshika mkono na jina lisilomtia aibu, na walifanya hivyo bila cheti. Taaluma ya uuguzi wa wazee ikija Macalder isije kuwafundisha upendo ambao tayari wanao. Ije na kipimo cha njiti za kiberiti, na dawa ya maambukizi yanayoleta mkanganyiko, na onyo juu ya zebaki, na kibali cha kupumzika kwa mkwe aliyekesha. Na vyuo vya Migori na Homa Bay vifanye uzee kuwa somo kamili katika mtaala wa kila muuguzi, maana kazi iliyotendwa mwanzo haistahili kuendelea kufundishwa mwisho.